Nimekata maziwa ya watoto nikanunua jibini ya kupaka, na mavyaa anasema namdhulumia mjukuu

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mie nakaa Fuoni, nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 7, yuko darasa la pili. Mdogo wake wa kike ana miaka 3. Baba yao anafanya kazi katika hoteli za mashariki huko, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Tunakaa na mavyaa wangu. Ni mtu mwema, nisimsingizie. Watoto hawa kanilelea yeye nilipokuwa naenda kazini. Lakini kwa hili la chakula tumefika pahala hata salamu za asubuhi tunapeana za mkato.

Mambo yalianza wifi yangu alipokuja kututembelea kutoka Maskati. Katika zawadi zake alileta pakti za biskuti za chumvi na jibini nyeupe ya kupaka, ile laini kama malai. Mkubwa alipoonja siku ya kwanza alilamba mpaka kisu. Nilifurahi mno, kwa sababu huyu mtoto kula kwake ni vita. Muhogo hataki, dagaa anasema wanamtazama, maziwa hanywi mpaka asimamiwe. Nikasema moyoni, kama maziwa hayapiti, basi hii si maziwa yaleyale yaliyogandishwa? Wifi naye akaniambia watoto wake wote wamekua kwa hiyo jibini, mifupa mizima na meno mazima.

Zawadi ilipokwisha nikaanza kununua mwenyewe mjini. Kwa bei ya kopo moja la gramu 200 napata trei zima la mayai, kwa hiyo utaona si jambo dogo kwetu. Ili pesa itoshe, nikamwambia jirani yetu mwenye ng'ombe asituletee tena ile nusu lita ya kila siku. Niliona sijapunguza kitu, maziwa ni maziwa.

Sasa kila asubuhi nampakia biskuti nane, kila moja na kijiko cha chai cha jibini, nazifunga kwenye kibakuli cha mfuniko, anakwenda nacho skuli. Anaondoka saa kumi na mbili u nusu, anakula saa nne. Siku nyengine harudi nacho kitupu. Nikifungua nakuta biskuti zimelegea, jibini imetoa maji pembeni, na yeye anazimalizia hapohapo mlangoni kabla hajavua viatu. Kopo moja linakwisha kwa wiki ya skuli, siku tano.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba akirudi ana njaa kama aliyefunga, na choo siku hizi mpaka siku ya tatu, tena kwa taabu. Nikahisi labda ni maji hanywi.

Juzi jirani kapita na maziwa yake, mavyaa akatoka na jagi. Akaambiwa mie ndiye niliyeyakata tangu zamani. Hapo ndipo moto ulipowaka. Alisema mbele ya wageni: "Mwanangu nimemlea kwa muhogo na kunde, na leo anabeba mizigo ya watu na mgongo haumuumi. Mke wake anampa mjukuu wangu unga na mafuta." Niliingia chumbani nikalia.

Naomba unieleze kwa ukweli. Hii jibini ina nini hasa? Inajenga mifupa au haijengi? Nimpe na mdogo? Kuna ile iliyoandikwa ina mafuta kidogo, ndiyo bora? Na mavyaa nimwambie nini, maana mie nilitaka kheri tu kwa mwanangu.

Mama wa Fuoni

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwa jirani mwenye ng'ombe. Kabla hujamaliza kusoma majibu haya, mpelekee salamu alete nusu lita yake kesho asubuhi. Biskuti na jibini tutazizungumza taratibu, wala sitakwambia uzitupe. Lakini yale maziwa yarudi.

Umeniuliza hii jibini ina nini. Jina lake kwa Kiswahili tungeweza kuiita jibini ya malai, kwa sababu ndivyo ilivyo. Wamarekani wa jimbo la New York ndio walioanza kuitengeneza kwa biashara katika miaka ya 1870, na walichokifanya ni kuchukua jibini laini ya kawaida na kuizidishia malai ili iwe na utamu wa kulainika mdomoni. Mpaka leo sheria ya kwao inataka jibini ya namna hii isipungue asilimia 33 ya mafuta ya maziwa. Theluthi nzima, mwanangu. Wewe unakuna nazi kila siku, kwa hiyo utanielewa nikisema hivi: jibini hii kwa maziwa ni kama kasimile kwa nazi. Na hata kasimile haifiki huko, mafuta yake ni karibu robo ya uzito wake.

Sasa chukua lile kopo lako la gramu 200, tulipime lote kwa pamoja. Ndani yake mna takribani kalori 700, mafuta karibu gramu 70, na protini kama gramu 12. Nambari zinatofautiana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda, utaziona ubavuni mwa kopo. Gramu 12 za protini ni mayai mawili. Umeniambia bei ya kopo ni bei ya trei, na trei lina mayai 30. Nakuachia wewe mwenye pesa ya matumizi uzipime hizo mbili.

Mifupa je? Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na mimi sikulaumu hata kidogo, kwa sababu kila kitokanacho na maziwa tumezoea kukiona ndugu wa mwenzake. Maziwa yakitiwa uchachu yakaganda, madini ya kalsiamu huachana na yale mabonge na kuyeyuka katika maji yanayochujwa. Maji yakimwagwa, sehemu kubwa ya kalsiamu imekwenda nayo. Kinachobaki ndicho kinachoongezwa malai, na malai ni mafuta, hayana kalsiamu ya kusema. Kwa hiyo kopo zima la gramu 200 lina kama miligramu 200 za kalsiamu. Kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250 kina karibu miligramu 300, na protini gramu 8.

Yaani mwanao alikuwa akipata nusu ya nusu lita yenu, kikombe kimoja kwa siku. Kwa siku tano za skuli hiyo ni protini gramu 40 na kalsiamu inayokaribia miligramu 1,500. Ukamwondolea hizo, ukampa kopo lenye 12 na 200. Mtoto wa umri wake, wataalamu wa lishe wa Marekani wanamwekea miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Na si yeye peke yake, mdogo wake wa miaka 3 naye kikombe chake kilikatwa siku hiyohiyo, na yeye hata hiyo jibini hakuipata. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi nilipokuwa nasoma.

Jibini za aina nyengine ziko tofauti, usije ukazihukumu zote kwa hii. Ile ngumu ya manjano, ya kukata kwa kisu, kalsiamu yake kwa gramu 100 inapita mara saba ya hii laini. Chumvi yake ni kali tu.

Wifi yako naye hakukudanganya. Watoto wake wamekua, alhamdulillahi. Lakini hukumuuliza walikuwa wanakula nini kingine, na huenda kwake maziwa, laban na samaki vilikuwa mezani kila siku. Jibini ndiyo iliyokaa kwenye macho yenu kwa sababu ndiyo iliyokuja na sanduku.

Tuje kwenye biskuti. Biskuti ya chumvi ni unga mweupe, mafuta kidogo na chumvi. Nane ndogo zina uzito wa gramu 24 hivi, kalori 100, protini gramu 2, na nyuzinyuzi hazifiki hata gramu moja. Hapo ndipo penye njaa ya mwanao. Unga mweupe mkavu unasagika haraka tumboni, na zile gramu 40 za jibini zinamwongezea protini gramu 2 na nusu tu. Kalori amekula, karibu 240, sawa na andazi moja kubwa. Lakini kitu cha kulishikilia tumbo mpaka saa saba mchana hakimo. Njaa anayorudi nayo ni ya kweli, usimgombeze ukamwita mlafi.

Na choo vilevile. Maji ni kweli anywe, lakini maji bila nyuzinyuzi hayafanyi kazi peke yake. Kwa vile umesema muhogo hataki, na sikusoma tunda wala mboga popote katika barua yako, mimi naanzia hapo. Mpe papai, embe msimu wake, chungwa la kutafuna na nyama yake badala ya juisi iliyochujwa, mbaazi, kunde. Ndani ya wiki moja au mbili unatarajia kuona mabadiliko. Ikiwa anatoka damu, tumbo limevimba, anatapika au anapungua mwili, hilo si la kungoja safu hii. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Chumvi nitaisema kwa ufupi. Kwenye pakti wanaandika sodiamu. Zidisha kwa mbili na nusu utapata chumvi yenyewe. Biskuti nane na jibini yake zinamletea karibu gramu moja ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku nzima, na mtoto apungue zaidi kwa kadiri ya mwili wake. Gramu moja kabla ya saa tano asubuhi, mchuzi wa mchana bado, si kidogo.

Mafuta ndiyo nataka tuyazungumze kama watu wa visiwani. Mafuta ya jibini hii mengi ni yale mazito, yanayoganda yakipoa. Mwanao kwa siku anakula kama gramu 8 za hayo kutoka kwenye biskuti zake, na kwa mtoto anayekula kalori 1,500 hivi, shauri la kutopitisha sehemu moja ya kumi ya kalori linamwekea kama gramu 16 au 17. Nusu imekwenda asubuhi. Sasa jioni mnapika nini? Wali wa nazi, mchuzi wa nazi, au mbaazi za nazi. Mafuta ya nazi nayo ni ya aina hiyohiyo nzito. Mtoto wa Ulaya ambaye nyumbani kwao hawajui nazi, jibini yake hiyo inakaa pahala patupu. Kwetu inakaa juu ya tui. Sisemi muache nazi, na mimi mwenyewe wali mkavu haunipiti, lakini hesabu ya sahani yetu haiwezi kufanywa kwa pakti iliyoandikwa kwa ajili ya sahani ya watu wengine.

Sasa kile kibakuli cha mfuniko. Hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pote. Jibini hii ni kitu cha friji. Kanuni ya usalama ni kwamba isikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa moja tu. Wewe unafunga kabla ya saa kumi na mbili u nusu, anakula saa nne. Hiyo ni saa tatu na nusu ndani ya mkoba, tena kaskazi ikivuma, darasani watoto wamebanana. Na yale anayoyamalizia mlangoni adhuhuri yamekaa zaidi. Maji uliyoyaona pembeni ni jibini imeshindwa na joto. Kuanzia kesho jibini isiende skuli kabisa, na kinachorudi kwenye kibakuli kitupwe, hata kama roho inauma kwa bei yake. Friji lenyewe, umeme ukikatika usilifungue ovyo. Ukikaa kukatika zaidi ya saa nne, kopo lililo wazi usimpe mtoto.

Skuli mpakie vitu vinavyovumilia: ndizi mbivu, ambayo ina mfuniko wake mwenyewe, njugu za kukaanga, na biskuti zake kavu tatu au nne ili asijione kanyang'anywa. Ile konzi ya njugu, gramu 28 hivi, ina protini gramu 7. Zichague kabla ya kukaanga. Zilizobadilika rangi, zilizonyauka au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumukuvu haimalizwi na moto. Na mdogo wa miaka 3 asipewe njugu nzima, zinaweza kumpalia. Msagie.

Jibini mpe nyumbani, mara mbili kwa wiki, kijiko kimoja au viwili vya chai kwenye biskuti tatu, juu yake tango au nyanya iliyokatwa nyembamba, na yai la kuchemsha pembeni. Hapo ni kitafunio cha haki. Jibini inakuwa ladha, na yai ndilo linalofanya kazi. Na mdogo pia aonje, hakuna ubaya, ilimradi isichukue nafasi ya kikombe chake.

Kuna kitu ningependa ukijaribu, kwa sababu mwanao anachokipenda ni ule ulaini na uchachu, na hivyo unaweza kuvitengeneza mwenyewe. Maziwa ya jirani yachemshe kwanza mpaka yapande, hilo usilikose kwa maziwa yoyote ya ng'ombe wa mtaani. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie, tia vijiko viwili vya mtindi wa dukani usio na sukari, funika, uyaache pahala pa joto usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yameganda. Chukua kitambaa safi cha kuchujia tui, kichemshe, kitandaze juu ya chujio, mimina mtindi, kusanya pembe nne ufunge, uweke juu ya bakuli ndani ya friji mpaka jioni. Utasikia matone yanadondoka, mwanzo kwa haraka, halafu moja moja. Ukifungua, kitambaa kinavuliwa kama ganda na ndani mna kitu cheupe, kizito, kinachopakika. Tia chumvi kwa ncha ya kidole. Wifi yako akiona atakitambua mara moja, Waarabu wanakula hicho kila siku.

Mafuta yake hayafiki nusu ya ile ya kopo, na protini yake ni nzuri zaidi. Na yale maji ya kijani kibichi kilichofifia yaliyobaki kwenye bakuli usiyamwage. Nimekwambia kalsiamu inakwenda nayo. Kandia unga wa chapati au wa maandazi, mtoto ataila bila kujua. Tena kazi hiyo ya kukamua na kufunga kitambaa, mpe yeye aifanye. Mtoto aliyefunga kitambaa kwa mkono wake hachelewi kuonja.

Maziwa yenyewe ya kunywa, usimsimamie tena. Yapitishe kwingine. Yachemshe na iliki mbili zilizopondwa na kijiti cha mdalasini, uone kama hayajapendeza. Mpikie uji wa ulezi kwa maziwa badala ya maji, au mchele wa maziwa siku ya Ijumaa. Dagaa anaosema wanamtazama, wavunje vichwa, wakaange wakauke, wasage uwe unga, utie kijiko kwenye mchuzi. Mifupa yake midogo ndiyo yenye kalsiamu.

Umeuliza kuhusu jibini yenye mafuta kidogo. Ndiyo, mafuta yamepungua na protini huongezeka kidogo, kwa hiyo kati ya mbili hizo chukua hiyo. Lakini soma orodha ya viambato, kile kilichotajwa mwanzo ndicho kingi zaidi. Yako makopo yanayofanana na jibini ambayo ndani yake mna mafuta ya mawese na wanga kuliko maziwa, na bei yao inavutia. Hayo yaache rafuni.

Sasa mavyaa wako. Mwanangu, alilolisema mbele ya wageni lilikuumiza, na pahala pake hapakuwa pale. Lakini maneno yake mawili, unga na mafuta, ndiyo maelezo sahihi kabisa ya kile kibakuli, na mimi sikuweza kupata mafupi kuliko hayo. Nenda kwake baada ya sala ya alasiri, wakati watoto wako chuoni kusoma Kurani na nyumba imetulia. Mwambie: "Mama, kwa maziwa nilikosea, nimeshamwambia jirani arudishe." Usianze kujieleza habari ya bei wala ya wifi. Akishakusikia hilo, mengine yote yatashuka.

Halafu mwombe kitu. Usimwombe muhogo, kwa sababu hapo nitakuwa upande wako: muhogo mtupu nao protini yake ni ndogo sana, gramu moja na kidogo katika kila gramu 100. Kilichomlea mumeo ni zile kunde alizozitaja pamoja nao. Mwombe akufundishe anavyozipika, au ampikie mjukuu mbaazi za tui jepesi. Bakuli dogo la mbaazi zilizoiva, gramu 100, lina protini kama gramu 7 na nyuzinyuzi kiasi hichohicho, na hizo ndizo dawa ya choo cha siku ya tatu. Mtoto anayekataa kwa mamake mara nyingi hula kwa bibi yake, khasa wakikaa jamvini wawili tu na yeye akapewa mkate wa kuchovya. Mruhusu atumie biskuti zake kuchovya, ikiwa ndiyo njia. Biskuti ya chumvi kwenye mbaazi si dhambi.

Na wifi yako akipiga simu kuuliza akija tena alete nini, usimvunje moyo kwa khabari hii ndefu. Mwambie watoto wanamsalimu, na mwaka huu wanataka tende za Khalas na lozi. Tende tatu na kikombe cha maziwa ya iliki wakirudi chuoni, wote wawili, na lozi za mdogo uzisage.